Kala Nyeupe na Kala za Rangi: Maji Yanavyotuponza Sigor



Waliotangulia kuzungumza kwenye kikao hiki wamezungumzia maziwa na mahindi, na hapa Chepalungu hiyo ndiyo kazi yetu. Mimi naomba nafasi kwa ajili ya ua ambalo wengi wenu mnalo bila kulihesabu kuwa mali: lile jeupe linaloota kando ya mtaro au penye bomba linalovuja, ambalo hukumbukwa siku ya harusi au ya mazishi.

Ua hilo ni kala, jamaa ya nduma. Tazameni majani yake, na muulizeni aliyewahi kumenya viazi vyake kama mikono haikumwasha. Sehemu ile nyeupe tunayoiita ua ni jani lililogeuka na kujiviringa. Maua yenyewe ni madogo mno, yamejaa kwenye kijiti cha manjano kilicho katikati. Wataalamu huliita Zantedeschia aethiopica, jina linalowafanya watu wadhani limetoka Ethiopia. Asili yake ni kusini mwa Afrika, penye mabwawa na kingo za mito.

Kwa hiyo kala nyeupe hupenda maji kama nduma. Ipande bondeni, kwenye udongo mzito, hata mahali ambapo mahindi hudumaa kwa unyevu, nayo itashukuru. Shida huanza tunapoletewa kala za rangi, za manjano, waridi, zambarau na nyekundu iliyokolea, tukazipanda palepale. Hizo zimezalishwa kutokana na ndugu wengine wa ukoo huo, ambao kwao mvua ina msimu na ukame una msimu. Zina kiazi kinachotaka kulala kikiwa kikavu.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Nilinunua viazi vya rangi kwa mchuuzi, nikavipanda Aprili mvua ikiwa imeshika, kwenye mfereji niliouchimba bondeni na kuujaza samadi mbichi. Vilichipua vizuri. Kisha jani moja likalala, la pili likafuata, na nilipovuta shina likatoka mkononi likiwa laini kama uji, likinuka vibaya. Nilipoteza karibu vyote, na kwa muda nilidhani Sigor haifai kwa kala.

Ugonjwa ule ni uozo laini, unaoletwa na bakteria aitwaye Pectobacterium. Hauna dawa ya kutibu, na nawasihi msipoteze fedha kunyunyizia mmea uliokwisha kuoza. Ng'oa mmea na udongo unaouzunguka, vipeleke mbali na shamba, na usivitupe kwenye lundo la mboji. Kazi kubwa ni kinga. Inua tuta hadi kimo cha goti mahali penye mteremko. Tumia samadi iliyooza kabisa. Panda kiazi kwa kina cha sentimita 7 hadi 10, macho yakitazama juu, na mwagilia kwenye udongo badala ya majani. Kisu kilichogusa mmea mmoja kioshwe kwa maji yenye Jik kabla ya kugusa mwingine. Kiazi chenye jeraha kiache kikauke kivulini siku kadhaa kabla ya kukipanda.

Kuna kosa jingine linalotokana na maji. Kala za rangi zikishatoa maua, majani huanza kuwa ya manjano. Mkulima mwenye huruma akiona hivyo huongeza maji, naye ndiye anayeziua. Mmea haujafa, unakwenda kulala. Acha kumwagilia, ngoja majani yakauke, kisha fukua viazi na uvitandaze juu ya wavu penye hewa na kivuli. Ukipanga vizuri, mapumziko hayo yataangukia kiangazi chetu cha Desemba hadi Februari.

Wengi huniuliza: mbona kala yangu ina majani mapana lakini haitoi maua? Swali langu la kwanza huwa, ulitia mbolea gani? Wengi wetu tuna jamaa wa Konoin wanaolima chai, na mfuko wa mbolea ya KTDA, ile ya 26:5:5, haukosi njia ya kufika huku. Mbolea hiyo ina naitrojeni nyingi kwa sababu mkulima wa chai anataka majani. Ukiitia kwenye kala, utapata majani. Kala inahitaji fosforasi na potasi zaidi. Hata majivu ya jikoni kidogo yanasaidia. Kivuli kizito na mashina yaliyosongamana pia huzuia maua, basi gawanya shina kila baada ya miaka michache.

Na hayo matone yanayoning'inia kwenye ncha za majani asubuhi si ugonjwa. Mmea unatoa maji ya ziada.

Undugu na nduma una hatari yake. Kirusi cha mozaiki cha nduma hushambulia kala pia, na vidukari ndio wanaokibeba. Majani yakitokea na michirizi ya rangi hafifu na kujikunja, ng'oa. Usipande kala ubavuni mwa nduma, hata kama bonde ni moja. Na kwa sababu utomvu wa kala una chembe kali zinazochoma mdomo na koo, shamba lake lizungushiwe uzio imara. Ng'ombe wa maziwa, mbuzi na watoto wadogo wasilifikie.

Sasa kuvuna, ambako nimeona maua mazuri yakiharibiwa mlangoni mwa soko. Kala haiendelei kufunguka sana baada ya kuvunwa, kwa hiyo subiri ijifungue vizuri, lakini usingoje mpaka kijiti kianze kutoa unga. Usikate kwa kisu. Shika shina chini kabisa, lizungushe kidogo, kisha livute kwa nguvu moja. Kipande kinachobaki baada ya kukata ndicho huanza kuoza. Tumbukiza shina kwenye ndoo ya maji safi papo hapo, ukiwa umefunga ncha kwa utepe ili isipasuke na kujikunja.

Nimekuja na ndoo mbili na utepe. Baada ya chai tutateremka hadi kwenye kala zilizo nyuma ya ukumbi huu, na kila mmoja atavuta shina lake mwenyewe.