KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA
Maneno juu ya Upasuaji wa Vidole na Siku za Kupona

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, fundi seremala, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa hapa kwa idhini ya Halmashauri.)



Kwanza naishukuru Halmashauri kwa kunipa nafasi ya kusema mbele ya mkutano huu. Mimi si daktari, ni seremala. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa njia mbili: kwa kuwauliza bila haya madaktari na wauguzi walionitibu, na kwa kosa langu mwenyewe, ambalo lilikigharimu chama hiki fedha na kunigharimu mimi kidole. Nimekuja kulikiri kosa hilo, kisha niwaletee ombi moja.

Miaka 12 iliyopita nilikuwa nikichonga mlango, patasi ikateleza na kunikata kidole cha pete cha mkono wa kushoto, upande wa kiganjani. Jeraha lilikuwa dogo, na damu ilikoma upesi. Lakini nilipokunja ngumi, vidole vingine vilikunjika vyote, na kile kimoja kikabaki kimesimama kama mlingoti. Mafundi wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Hatukujua tulichokuwa tukikicheka.

Yafaa basi tujue jinsi kidole kilivyoumbwa. Misuli yenye nguvu inayokikunja haimo ndani ya kidole. Imo katika mkono, kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu, kama mtu avutavyo kamba ya ndoo kisimani. Kila kimoja cha vile vidole vinne kina kano mbili za kukunjia. Kidole gumba kina moja ndefu. Kano hizo hupita ndani ya ala nyembamba, chini ya vipete vigumu vinavyozishikilia zisiachane na mfupa. Ukano ukikatwa, ncha yake ya upande wa misuli hurudi nyuma, na mara nyingine hufika kiganjani. Ndiyo sababu ngozi yaweza kufunga vizuri, jeraha likasahaulika, na kidole kisikunjike tena maisha yote. Hakuna dawa ya kupaka iwezayo kuziunganisha ncha mbili zilizoachana.

Kwa hiyo naomba kila mmoja wetu ashike neno hili: mtu akikatwa, kisha kidole kikashindwa kukunjika au kunyoka, au ncha yake ikafa ganzi, aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo kama punje ya mchele. Ukano ukishonwa katika siku chache za kwanza, matumaini ni mengi. Ukichelewa majuma mengi, ncha husinyaa na ala hujifunga, na hapo huenda ikalazimu kuchukua ukano kutoka mahali pengine mwilini na kuupandikiza, pengine kwa operesheni mbili badala ya moja.

Mimi nilikwenda mapema, nikashonwa siku ya tatu. Gharama ilitoka katika mfuko wa chama hiki, yaani katika michango yenu. Mkono ulifungwa banzi nyuma yake, nikaambiwa nirudi kila juma kwa mtaalamu wa mazoezi, na nisinyanyue kitu chochote kwa mkono ule.

Hapa, wazee wangu, ndipo penye kiini cha maneno yangu. Sisi hudhani kwamba tiba ni kisu cha daktari, na kwamba baada ya kisu mtu hungoja tu. Kwa kidole sivyo. Zamani wapasuaji wenyewe walipaogopa mahali hapa. Sterling Bunnell wa San Francisco, aliyetoa kitabu chake kikubwa cha upasuaji wa mkono mwaka wa 1944, alipaita sehemu kati ya kiganja na katikati ya kidole nchi isiyo na mwenyewe. Hapo kano mbili hupita pamoja katika njia nyembamba. Zikishonwa na kutulizwa, hugandamana na ala, na kidole hukauka kama kijiti. Lakini mwaka wa 1967 Harold Kleinert wa Louisville, huko Marekani, alionyesha matokeo mema ya njia nyingine. Alishona ukano mara moja, akafunga uzi wa mpira kwenye ukucha. Mgonjwa alikinyosha kidole mwenyewe kidogo kidogo ndani ya banzi, na mpira ukakirudisha kukikunja. Hivyo ukano uliteleza bila kubeba mzigo.

Tangu hapo njia za mazoezi zimeongezeka, lakini kanuni ni ile ile. Ukano ulioshonwa una adui wawili: ukitulia mno hugandamana, ukivutwa mno hukatika. Katika majuma matatu ya kwanza ni dhaifu sana. Banzi kwa kawaida huvaliwa kwa majuma kama sita. Kazi nyepesi hufuata polepole. Na kazi nzito hungoja mpaka majuma kama 12 yatimie. Muda wote huo mkono huinuliwa juu ya moyo ili uvimbe upungue, na afadhali mtu aache tumbaku, kwa kuwa huibana mishipa ya damu na kuchelewesha kupona.

Niliyajua hayo, kwa maana niliambiwa. Lakini kila safari ya kwenda kwa mazoezi ilitaka nauli, na kila siku niliyokaa bila randa ilikuwa siku bila unga. Safari ya pili nilikwenda, ya tatu sikwenda. Katika juma la nne mteja alikuja kuuchukua mlango wake, akanikuta peke yangu. Nililivua banzi nikaushika mlango kwa mikono miwili. Nilisikia kitu kikikatika ndani ya kiganja, kama uzi wa kushonea gunia. Hapakuwa na maumivu makubwa. Kidole kilinyoka tu, na mpaka leo hakijakunjika.

Nilirudi kwa daktari. Hakunikaripia, alinyamaza kidogo, kisha akanieleza habari ya kupandikiza ukano, gharama yake na miezi yake. Niliona haya kuja kwenu mara ya pili, nikaacha. Tangu siku hiyo mkono wangu wa kushoto haushiki mbao kwa nguvu ya zamani, kwani vidole viwili vya mwisho, ambavyo watu huviona vya urembo, ndivyo vinavyoshika mpini. Ninasimama mbele yenu kama mdeni aliyekopeshwa mbegu, akazila kabla ya kupanda.

Sasa nitaje kwa ufupi maradhi mengine ya vidole, maana si wote hapa ni maseremala.

Ncha ya kidole ikigongwa ikalegea na kuinama, mara nyingi haihitaji kisu. Hufungwa banzi ikiwa imenyoka, usiku na mchana, majuma sita mpaka manane. Ikiachwa iiname hata mara moja, hesabu huanza upya.

Kidole kikivimba chote, kikakaa kimekunjika kidogo, na kukinyosha kukawa uchungu usiovumilika, huenda usaha umeingia ndani ya ala ya ukano. Hilo ni jambo la saa, si la siku. Hali kadhalika jeraha la meno ya mtu juu ya konzi, ambalo vijana hulipata katika ugomvi na kulificha: ni dogo kwa macho, lakini huweza kukiharibu kiungo kizima.

Wapo wazee na akina mama ambao kidole chao hunasa asubuhi, kisha hufyatuka kwa kishindo. Huo si uchawi. Kipete kimoja cha ukano kimekuwa chembamba kwa ukano uliovimba, na wenye ugonjwa wa kisukari hupatwa zaidi. Sindano ya dawa huponya wengi. Isipotosha, kipete hukatwa kwa operesheni fupi, mkono ukiwa umetiwa ganzi, na mgonjwa huanza kukitumia kidole siku ile ile.

Wenye baridi yabisi iliyoharibu viungo vya vidole nao wana njia. Kiungo cha ncha chaweza kuunganishwa kisikunjike tena, na maumivu yakaisha. Kiungo cha konzi chaweza kuwekewa kingine cha silikoni, kazi iliyoanzishwa na Alfred Swanson wa Michigan katika miaka ya 1960. Lakini kiungo hicho huondoa maumivu zaidi ya kurudisha nguvu, wala si cha kushikia jembe.

Na ikitokea kidole kimekatika kabisa, kisitupwe wala kisizikwe. Kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kitiwe katika mfuko wa plastiki usioingiza maji, na mfuko huo uwekwe juu ya maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu, kwani huungua. Huko Nara, nchini Japani, wapasuaji walirudisha kidole gumba kilichokatika kabisa mwaka wa 1965. Hapa kwetu, mwaka wa 2018, madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta waliurudisha mkono wa kijana wa Kiambu uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Si kila kidole hurudishwa, na si kila hospitali yaweza. Lakini kilichotupwa hakirudishwi popote.

Sasa nalileta ombi langu. Kanuni za mfuko wetu zinalipia operesheni, wala hazilipii nauli ya kurudi kwa mazoezi, wala posho ya majuma ambayo mkono umefungwa. Basi tunanunua nusu ya tiba. Ninapendekeza Halmashauri ifikirie kulipa nauli ya majuma sita ya kwanza kwa kila mwanachama aliyeshonwa ukano au kupasuliwa kiungo cha mkono, na unga wa nyumba yake kwa muda huo. Naye mwanachama aweke sahihi kwamba hatakosa safari hata moja. Akikosa bila sababu, na adaiwe.

Msidhani jambo hili haliwezekani. Binti wa mwanachama mwenzetu, ambaye ni msusi, alikatwa na kisu cha jikoni kano zote mbili za kidole cha shahada. Mfuko haukumpa nauli. Lakini akina mama wa jirani walipokezana kumfulia, kumpikia na kumchotea maji kwa majuma sita, na kila juma mmoja wao alimpeleka kwa mazoezi. Leo anasuka nywele kwa vidole vyote kumi. Daktari wake na wangu walifanya kazi moja. Tofauti ilikuwa nyuma ya mlango wa hospitali, nyumbani.

Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nililijua neno hilo tangu utoto, lakini sikulielewa mpaka nilipobaki na mkono usiofumbata. Na chama ni mkono pia.

Nimesema yangu. Mheshimiwa Mwenyekiti, naliacha ombi hili mezani pako.