Shamba Kwanza, Jengo Baadaye

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wakulima na wanachama wa vyama vya ushirika, waliokusanyika kuzungumza juu ya mpango wa chuo kikuu kujenga kituo cha uchunguzi wa kilimo karibu nao. Twaichapa kwa faida ya wasomaji wetu wote.)



Kabla ya mkutano kuanza, mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza maswali mawili. La kwanza: "Chuo kina ardhi kubwa na sisi tuna ardhi ndogo, mbona ekari zile zisigawiwe watu wakalima chakula?" La pili: "Hilo jengo mnalolitaka litatuongezea magunia mangapi?" Maswali haya ni ya haki, na mtu anayetaka kutumia fedha za watu hana budi kuyajibu. Basi hotuba yangu ya leo ni majibu kwa mzee huyo.

Kwanza yatupasa tujue kituo cha uchunguzi ni kitu gani. Wengi wakilisikia jina hilo hufikiri nyumba ya ghorofa, yenye madirisha ya kioo na wataalamu waliovaa makoti meupe. Nyumba hiyo ni sehemu ndogo tu. Kituo cha uchunguzi ni mahali pa kuuliza ardhi maswali, na kungoja majibu yake kwa uvumilivu. Mbegu ipi yastahimili ukame? Samadi kiasi gani yatosha? Ugonjwa huu waenezwa na mdudu au na upepo? Mkulima mmoja hawezi kujibu hayo peke yake, kwa kuwa akikosea msimu mmoja watoto wake hulala njaa. Kituo chaweza kukosea kwa niaba yetu sote, kikaandika kosa lake katika daftari, ili sisi tusilirudie.

Sasa nitawaeleza jinsi wenzetu walivyoanza. Katika Marekani, kituo cha kwanza cha jimbo cha uchunguzi wa kilimo kilianzishwa mwaka 1875 katika jimbo la Connecticut. Hakikuanza kwa jengo jipya. Chuo kikuu kiitwacho Wesleyan kiliazima maabara yake bila malipo, tajiri mmoja mwenye gazeti la wakulima, Orange Judd, akatoa dola 1,000, na serikali ya jimbo ikatoa dola 700 kila robo mwaka. Mkuu wake alikuwa Profesa Wilbur Atwater. Kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa nini? Kupima mbolea. Wakulima wa huko walikuwa wakiuziwa mifuko ya vumbi kwa bei ya mbolea, wala hawakuwa na njia ya kumtambua mwongo. Maabara ya kuazima ikamtambua. Nanyi hamhitaji kuelezwa thamani ya kazi hiyo, maana mwaka 1874 hauko mbali sana na mwaka 2024, ambapo hapa kwetu Kenya mbolea bandia iliwafikia wakulima, na wengine wakaigundua mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

Twaona basi kwamba kituo chaweza kuanza kidogo, mradi kianze na swali ambalo wakulima wenyewe wanaliuliza.

Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1887, bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Hatch, iliyolipa kila jimbo dola 15,000 kwa mwaka kwa ajili ya kituo cha uchunguzi chini ya chuo chake cha kilimo. Naomba mnisikilize kwa makini hapa, maana waliotunga sheria hiyo walikuwa watu wenye busara ya fedha. Walisema kwamba katika fedha za mwaka wa kwanza, si zaidi ya sehemu moja katika tano itumiwe kwa kujenga au kutengeneza majengo; yaani dola 3,000. Na kila mwaka baada ya huo, si zaidi ya sehemu tano katika mia; yaani dola 750. Zilizobaki zote zilikuwa za kazi yenyewe: mishahara, mbegu, zana, na kuchapa habari. Tena sheria iliamuru kila kituo kitoe taarifa angalau mara moja kila miezi mitatu, na nakala zipelekwe kwa magazeti ya jimbo na kwa kila mkulima atakayeziomba.

Kwa nini waliyafunga majengo kamba namna hiyo? Kwa sababu waliijua tabia ya binadamu. Jengo huonekana, uchunguzi hauonekani. Jengo lina siku ya kuwekwa jiwe la msingi na siku ya kufunguliwa, pamoja na hotuba, ngoma na picha katika gazeti. Lakini hakuna anayekata utepe siku mfanyakazi anapohesabu masuke ya ngano katika kipande cha thelathini na saba, mvua ikimpiga. Nalijua jengo moja, ambalo sitalitaja, lililofunguliwa kwa shangwe likiwa na vyumba vya baridi vya kuhifadhia mbegu. Haukupita muda mrefu umeme ukakatwa kwa deni, na mbegu zikaharibika ndani ya chumba kilichojengwa ili kuzilinda. Kuta zingali zimesimama. Kilichokosekana ni fedha za mwaka wa pili.

Ndugu zangu, kila kituo kina gharama mbili. Ya kwanza ni ya kujenga, na hiyo hulipwa mara moja. Ya pili ni ya kuendesha, nayo hulipwa kila mwaka hata milele: umeme, maji, mafuta ya trekta, dawa za maabara, mshahara wa mlinzi na wa mtaalamu. Mtu akununuliaye ng'ombe wa maziwa hakumaliza kukusaidia. Uliza nani atanunua majani. Kwa hiyo mkiletewa mpango wenye makisio ya kujenga peke yake, rudisheni karatasi hiyo kwa upole, mwombe ya pili.

Na sasa nalijia swali la ardhi. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kuna vipande vya shamba viitwavyo Morrow, vilivyoanza kulimwa mwaka 1876. Kipande kimojawapo kimepandwa mahindi kila mwaka tangu hapo, ili wajue ardhi isiyopumzishwa huchoka kwa kiasi gani. Chuo kilipotaka kujenga maktaba kando ya vipande hivyo, walitambua kwamba kivuli cha jengo kingeyanyima mahindi jua, na hesabu ya miaka karibu mia ingeharibika. Basi walifanya nini? Walichimba wakaijenga maktaba chini ya ardhi, ikafunguliwa mwaka 1969. Tazameni jambo hilo: jengo kubwa la vitabu lilikubali kushuka shimoni ili kipande kidogo cha mahindi kisikose jua.

Hiyo ndiyo sababu shamba la uchunguzi halifanani na shamba jingine. Shamba la kawaida likigawanywa, wenye vipande wataendelea kulima. Shamba la uchunguzi likigawanywa, hesabu ya miaka yote iliyopita imekufa, wala haifufuki kwa fedha. Hata hivyo sitamwambia mzee wangu kwamba swali lake ni la ujinga. Historia iko upande wake. Ile ardhi ambayo serikali ya Marekani iliwagawia vyuo kwa sheria ya mwaka 1862, sehemu kubwa yake ilikuwa ya wenyeji wa asili, waliofukuzwa au waliolazimishwa kuitoa. Na hapa kwetu, Lord Egerton alipotoa ekari 740 huko Njoro mwaka 1939 kwa ajili ya shule ya kilimo, shule hiyo ilikusudiwa vijana wa Kizungu. Watu wa rangi zote walifunguliwa milango baadaye, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Hivyo jibu langu kwa mzee ni hili: ardhi ya chuo ni deni. Ikilala bure, au ikilimwa kwa faida ya wakubwa wachache, mna haki ya kuidai. Ikiwa ina vipande vilivyopimwa, daftari lililo wazi, na siku za wakulima kuja kuona, basi deni linalipwa, nasi tuwe walinzi wa mpaka wake.

Tena tuitazame Njoro hiyo hiyo. Ugonjwa wa kutu ya ngano umewatesa wakulima wa huko tangu mwanzo wa karne iliyopita, hata kituo cha kuzalisha mbegu kikaanzishwa hapo mwaka 1927. Mwaka 1998 kutu mpya na kali ilionekana Uganda, ikaitwa Ug99, kisha ikafika kwetu. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kilipewa na mfuko wa Bill na Melinda Gates dola milioni 26.8 ili kuongoza vita dhidi yake. Na ngano za nchi nyingi zilipelekwa kupimwa wapi? Zilipelekwa Njoro. Sababu yake haikuwa uzuri wa nyumba zetu. Walikuja kwa sababu kutu ilikuwapo, mashamba yalikuwapo, na watu wenye macho yaliyozoea kuitambua walikuwapo. Fedha kubwa hufuata kazi iliyokwisha kuanza.

Fedha hizo zitoke wapi? Nazijua njia nne, na kila moja ina uzuri wake na hatari yake. Njia ya kwanza ni Serikali. Hiyo ndiyo nguzo, lakini nguzo hiyo hutikisika kila makisio ya mwaka yanapopunguzwa. Ya pili ni wafadhili wa ng'ambo. Hao hutoa kwa wingi, ila mpango wao huwa na mwisho, na baada ya miaka michache huaga. Ya tatu ni mtu mmoja mwenye mali. Huko Rothamsted, Uingereza, bwana John Bennet Lawes aliyeanza majaribio mwaka 1843 aliweka wakfu pauni 100,000 mwaka 1889 ili kazi isife pamoja naye. Matajiri wa namna hiyo ni wachache.

Njia ya nne ni wakulima wenyewe. Maabara ya Rothamsted iliyofunguliwa mwaka 1855 ilijengwa kwa mchango wa wakulima walioona faida. Na hapa Kenya, uchunguzi wa kahawa huko Ruiru uliendeshwa kwa miaka mingi kwa makato ya mauzo ya kahawa. Makato hayo yalizaa mbegu ya Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa pamoja na kutu ya majani. Kazi ya kuitafuta ilianza mwaka 1971, nayo mbegu ikatolewa mwaka 1985. Miaka kumi na minne! Hatari ya njia hii ni kwamba bei ya zao ikianguka, makato nayo huanguka, na uchunguzi hukosa fedha wakati ule ule mkulima anapouhitaji zaidi. Kwa hiyo ni hekima kusimama juu ya miguu zaidi ya mmoja, na kuweka akiba katika miaka ya neema.

Limebaki swali la magunia. Mwaka 1890, katika kituo cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Profesa Stephen Babcock alitangaza njia rahisi ya kupima mafuta yaliyomo katika maziwa. Kabla ya hapo maziwa yalilipwa kwa uzito, na aliyetia maji alipata sawa na mwaminifu, pengine kumzidi. Babcock hakujiwekea haki ya kumiliki ugunduzi wake. Aliuacha utumiwe na watu wote. Mwaminifu akaanza kulipwa haki yake. Je, hayo ni magunia mangapi? Siwezi kuyahesabu, wala yeye hakuyajua siku alipoanza. Mtu akiwaahidi hesabu kamili ya magunia kabla uchunguzi haujaanza, mwogopeni. Huyo anauza, hachunguzi.

Basi mkutano ujao, wenye mpango watakapofungua ramani mezani, waulizeni mambo matano. Ni swali gani la kwetu litakalochunguzwa kwanza? Udongo umepimwa, na maji ya kiangazi yatatoka wapi? Katika kila shilingi mia, ngapi ni za kuta na ngapi ni za kazi? Nani atalipa umeme na mishahara katika mwaka wa tano na wa kumi? Na majibu yatatufikia kwa njia gani, na kwa lugha tuielewayo? Wakiwa na majibu, wasaidieni kwa moyo wote, hata kwa makato madogo ya mazao yenu. Wakikosa majibu, wapeni muda wakayatafute, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Nikija tena, nikaonyeshwa uzio imara, kisima chenye maji, vipande vilivyowekewa vibao, banda la kuhifadhia mbegu, na daftari lisiloruka hata siku moja, nitafurahi, hata kama mtaalamu angali anaandika juu ya meza ya kuazima. Jengo litafuata, nalo litakuwa na kazi ya kufanya siku litakapofunguliwa.