Mtumishi wa Ushirika na Kazi Yake
Hotuba ya Katibu kwa Wanachama na Watumishi wa Kibaha na Kisarawe



Nashukuru kupewa nafasi hii katika sikukuu ya miaka kumi. Wenzangu wamekwisha kusimulia habari za maghala na magunia. Mimi nitasema habari za watu washikao mizani na kalamu.

Katika msimu wetu wa pili, wakulima wa korosho wa upande wa Kisarawe walilalamika kwamba uzito ulioandikwa ghalani haukuwa sawa. Nilimwita karani wa mizani, nikamkaripia mbele ya watu. Alinyamaza hata nilipokwisha, kisha akasema, "Bwana Katibu, mizani hii ni mbovu. Nimesema mara mbili, wala hapakuwa na aliyenisikiliza." Tulipoijaribu kwa mawe, ikaonekana amesema kweli. Niliona haya, nikamwomba radhi mbele ya watu wale wale.

Toka siku ile, kila Jumatatu kabla ya kufungua ghala, watumishi wote, hata walinzi na wachukuzi, hukaa nusu saa kueleza yaliyowashinda. Mizani hujaribiwa kila asubuhi wakulima wakitazama. Mtumishi mpya hufundishwa majuma mawili kabla ya kukabidhiwa daftari. Ghala la Kibaha nalo limefuata desturi hiyo. Malalamiko yamepungua, na karani yule leo ndiye awafundishaye wenzake.

Jambo hili si geni nchini. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza mashirika ya umma kuunda mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukawakanya viongozi wenye majivuno. Lakini mabaraza yale yalikuwa na haki ya kushauri tu, na shauri lisilojibiwa humvunja moyo mtoaji. Ndiyo sababu kila neno la Jumatatu sharti lijibiwe Jumatatu ifuatayo, hata kama jibu ni "haiwezekani."

Hata hivyo, ndugu wanachama, lipo deni. Korosho zikichelewa kuuzwa mnadani, mishahara nayo huchelewa. Tutamdaije mtu uaminifu juu ya fedha za wengine, hali watoto wake hawajala? Naomba Mkutano Mkuu utenge akiba ya mishahara ya miezi mitatu. Najua itatoka katika ushuru wenu, wala si jambo jepesi. Lakini anayepima jasho lenu naye ana jasho lake.