Mtoto Akisema: Miguu Inaniuma
(2 Wafalme 4:18-37)



Tumesoma habari za mama Mshunami. Mtoto alimlilia baba yake shambani kwamba kichwa kinamuuma. Baba akaamuru apelekwe kwa mama, naye akabaki na wavunaji. (Baba wa namna hii tunao hata leo.) Mtoto alipofia magotini pa mama, ni mama aliyetafuta punda na kusafiri. Tena hakuridhika na fimbo iliyopelekwa na Gehazi. Alimng'ang'ania Elisha mpaka akaja mwenyewe.

Sisi tunapomsikia mtoto akilia miguu ao mikono, tunafanya nini? Tunasema ni uvivu wa shule. Ao, vibaya zaidi, tunatafuta nani amemroga, na mara nyingine tunamwita mtoto mwenyewe mchawi. Wapendwa, hiyo ni zambi, na sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inaikataza.

Ni kweli, kuna maumivu ya kukua. Yanakuja jioni ao usiku, miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anakimbia. Lakini maumivu yenye homa ao uvimbe, ao mtoto anayejishika mapaja ili asimame, hayo yanaomba labo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai nzito, tusingoje hata kesho.

Basi tumtayarishe. Tuandike kwenye karatasi: maumivu yalianza lini, wapi, yanakuja saa gani. Siku mbili tatu mbele ya kipimo apumzike, asicheze mpira wa nguvu. Mchezo mkali, na hata sindano ya tako, vinaweza kupandisha kipimo cha misuli katika damu, na daktari akafikiri misuli inaharibika. Tuseme dawa zote, pamoja na za miti. Tusione haya, daktari si hakimu. Kama mtoto aliongezewa damu karibuni, tuseme pia, kwa maana damu ya mwingine inaweza kudanganya kipimo cha SS, ugonjwa unaoumiza mifupa ya watoto wengi kwetu.

Na kufunga? Tufunge sisi wakubwa. Mtoto asifungishwe, isipokuwa labo imesema aje bila kula. Mwenye SS akikosa maji, maumivu yanaweza kuamka. Yesu mwenyewe, akiisha kumfufua binti ya Yairo, aliagiza apewe chakula.

Mtoto naye tumwambie kweli: sindano itauma kidogo, mama atakushika mkono. Tukimdanganya leo, kesho hataingia mlango ule.

Wenye siku ya labo juma hili, leteni jina la mtoto kwa wamama wa maombi siku ya Ijumaa. Mmoja wao atawasindikiza, na kapu la diakonia litasaidia asiye na feza za kipimo.