Vitendo viwili, wakati mmoja: -ken na -arak

Leo tushughulike na jambo linalotusumbua wengi wetu tunaosoma hapa Uturuki, katika mwaka ule wa lugha, kule TÖMER, kituo cha kufundishia Kituruki: utasemaje kwamba vitendo viwili vilikwenda pamoja?

Kwetu kazi hiyo ni ya -ki-. Nilitoka nikilia. Nilitoka mama akilia. Kitenzi chenyewe kinamtaja anayelia, ni- au a-, na mambo yameisha. Sasa Kituruki: ukikitia kitenzi -erek au -arak, mtendaji hatajwi kabisa. Msikilizaji atamchukua yule yule wa kitenzi kikuu. Ağlayarak çıktım: nilitoka nikilia, mimi mwenyewe. Ukitaka anayelia awe mama, shika -ken: Annem ağlarken ben çıktım.

Hii -ken naipenda mno, maana inabeba mengi. Haibadiliki kufuata irabu, kwa hiyo msiandike yaparkan, ni yaparken. Hukaa hata juu ya nomino: çocukken, nilipokuwa mtoto. Tena hushikana na nyakati mbalimbali. Çıkarken ni wakati natoka, lakini çıkacakken bado sijatoka: Tam çıkacakken telefon çaldı, ndiyo kwanza nataka kutoka, simu ikalia. Na ukipita kwa jirani atakwambia, Gelmişken bir çay iç, maadamu umeshafika, kunywa chai kwanza. Kaa unywe!

Ipo pia njia ya kurudia kitenzi. Koşa koşa geldi, alikuja mbiombio. Hiyo haitupi taabu, nasi tunarudia maneno vivyo hivyo.

Angalieni tu kwamba -arak mara nyingine hufuatanisha vitendo, kimoja baada ya kingine: Kapıyı açarak girdi, alifungua mlango akaingia.

Sasa chukueni sentensi yetu hii: Asha alimwita Juma akicheka. Nani anacheka? Kwa Kiswahili anaweza kuwa Asha, anaweza kuwa Juma, kwa sababu wote wawili ni a-. Mturuki hana shaka hiyo. Asha gülerek Juma'yı çağırdı, anacheka Asha. Juma gülerken Asha onu çağırdı, anacheka Juma. Kabla hujafungua mdomo, jiulize kwanza mwenye kitendo ni nani, ndipo uchague kiambishi.