Kuulizwa Habari za Baiskeli: Mada juu ya Mtihani wa Kuzungumza Kiingereza



Mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambao wauguzi wetu wengi waombao kazi Uingereza na vijana wetu watafutao vyuo vya ng'ambo huufanya, una sehemu ya mazungumzo ya dakika 11 hadi 14, ambamo mtahiniwa huketi uso kwa uso na mtahini mmoja, na aghalabu huanza kuulizwa mambo mepesi ya maisha: je, wewe hupanda baiskeli, ulijifunza ungali mdogo, watu wa kwenu huipenda? Nimeichagua baiskeli kwa makusudi, maana wepesi wake ndio unaowahadaa wanafunzi wetu.

Mwanafunzi asikiapo baiskeli imetajwa, mara hukimbilia maneno aliyoyahifadhi kwa ghibu, kwamba chombo hiki huleta afya, hakichafui hewa, na gharama yake ni nafuu; maneno ya kweli hayo, walakini hayana mwenyewe, kwani mtu wa London angeyasema na mtu wa Shinyanga vilevile, na likija swali la pili lisilokuwamo katika daftari lake, ulimi hukwama. Nasema kwa yakini kwamba kukariri huku, tunakokufundisha sisi walimu wenyewe kwa nia njema, kunawadhulumu watoto wenye Kiingereza cha kutosha.

Mambo yanayopimwa ni manne, nayo yana uzito sawa: mtiririko na mpangilio wa usemi, utajiri wa msamiati, upana na usahihi wa sarufi, na matamshi. Hakuna alama ya elimu ya baiskeli, wala mtahini hatazami kama rai ya mtahiniwa yaafikiana na yake. Basi maadamu hali ni hiyo, hazina iliyo karibu ni yale aliyoyaona kwa macho yake. Mwambie kijana akuhadithie habari za muuza mkaa ashukaye na baiskeli kutoka milimani: magunia yamefungwa juu ya keria kwa vipande vya mipira mikuukuu, fremu imeongezwa vyuma ili isipinde, mwenyewe hapandi bali husukuma, bega likiegemea gunia, na penye mteremko, breki zikishindwa, hulikanyaga tairi kwa soli ya kandambili. Akieleza hayo atahitaji sababu na matokeo, sharti na kauli ya kutendwa, wala hatakuwa na habari kwamba ametumia kanuni hata moja ya sarufi. Asipolijua jina la keria kwa Kiingereza, na aseme ni kile chuma cha nyuma kinachobeba mzigo. Kulizunguka neno kwa ufasaha namna hiyo humwongezea mtahiniwa alama, ilhali kunyamaza humpunguzia.

Katika sehemu ya pili ya mazungumzo hayo mtahiniwa hupewa kadi yenye maudhui, pengine safari aliyoifurahia, na dakika moja ya kujiandaa, kisha huzungumza peke yake kwa dakika moja hadi mbili. Hapo shauri langu ni fupi: aandike majina ya vitu na mahali, asiandike sentensi.

Sehemu ya tatu ndiyo pana, kwa kuwa huulizwa mabadiliko na sera: mbona watu wa mijini wameiacha baiskeli, na je, serikali ijenge njia zake? Hata hapa mfano wa kwao humfaa. Mtahiniwa wa Kenya au Uganda aweza kusimulia jinsi baiskeli zilivyowavusha wasafiri mpakani Busia tangu miaka ya 1960, na jinsi pikipiki zilivyokuja kuirithi kazi ile pamoja na jina lake la bodaboda, kisha akatoka katika kisa hicho kuingia katika rai yake.

Kwa hiyo naomba zoezi letu la kuzungumza la alasiri hii lifanywe wawili wawili, bila karatasi, muulizaji akimkatiza mwenzake kila asikiapo sentensi iliyokaririwa, na kumwuliza papo hapo: baiskeli ya nani, ilikuwa wapi, na ilibeba nini?