Jiwe la Tororo na Sisi Tuliohama

(Hotuba ya mjumbe wa kamati, siku ya kumbukumbu)



Wengi wetu tulivuka Busia na Malaba mapema mwaka 2008, tukapokewa Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuletwa hapa Kiryandongo. Siku zile Jiwe la Tororo tuliliona kwa mbali tu. Majuzi nililirudia, nikalipanda kwa ngazi za chuma. Ukiwa kileleni unaiona Kenya, mpaka huuoni.

Chini ya jiwe lile wanakaa watu waliohama kabla yetu. Wateso husimulia kwamba wazee wao walitoka upande wa Karamoja, na wengine wakaendelea hadi Amukura. Jopadhola ni Wajaluo waliobaki hapo, ndugu zao wakielekea Nyanza. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia upande wa Kenya ya leo. Wateso na Wasamia wakajikuta pande mbili za mpaka. Hata hivyo hadi leo wanajuana kwa koo, wanaoana na kuzikana.

Waliwezaje? Wazee waliwataja mababu mbele ya watoto.

Watoto wetu waliozaliwa hapa wanaijua kadi ya chakula kuliko jina la babu. Kwa hiyo naomba: usiku wa leo kila mzazi amtajie mtoto wake ukoo, kijiji, na mahali alipozikwa babu yake. Kurudi au kubaki, kila nyumba itaamua. Lakini asiyejua atokako ataamuliwa na wengine.